Mkono Uliotia Chumvi

Mama yangu aliharibu harusi yangu kwa chumvi. Hivyo ndivyo nilivyosema kwa miaka saba, na kama ungenikuta katika miaka hiyo ningekusimulia bila hata kuombwa, iwe sokoni au bombani tunasubiri maji. Sina mdomo wa kuficha mambo. Ikungi nzima, huku nilikoolewa, walijua kwamba mimi ndiye yule bibi harusi ambaye wageni wake walilishwa chumvi na mama yake mzazi. Leo nasimulia tena, lakini safari hii nasimulia yote, pamoja na yale yanayoniaibisha mimi mwenyewe.

Mama alikuwa mpishi wa shughuli pale Singida mjini. Si mpishi wa hoteli, hapana. Wa shughuli: harusi, hitima, maulidi, akika. Yeye alikuwa Mnyaturu wa kando ya mji, akaolewa na baba, ambaye ukoo wake ulifika Singida zamani na biashara ya nguo kutoka pwani kupitia Tabora. Pilau alifundishwa na mama mkwe wake, akamshinda mwalimu wake. Hata Wahindi wenye maduka barabara ya sokoni, ambao nyumbani kwao walikuwa na wapishi wao, wakiwa na jambo la kulisha mji mzima walituma mtu kwetu.

Na alikuwa na sheria moja, ambayo kila mwanamke aliyewahi kumenya kitunguu kwake aliijua. Chumvi hutiwa na mkono mmoja. Wewe osha mchele, kaanga nyama, chochea kuni, palia makaa juu ya mfuniko, lakini chumvi huigusi, na kuonja huonji mpaka yeye aseme. Alikuwa akisema, "Sufuria ikiwa na wakubwa wawili, itapata chumvi mbili au isipate kabisa." Yeye mwenyewe pia hakuonja. Alichota chumvi ya mawe kwa konzi, akatia, kisha alipunga mvuke kwa kiganja kuuelekeza puani, akaitikia kwa kichwa, basi. Nilipokuwa na miaka tisa nililamba supu kwenye mwiko nikidhani haoni, nikapigwa na mwiko huo huo kwenye vidole. Kumhakiki mama chumvi? Thubutu! Hakuna aliyefikiria jambo hilo.

Ndoa yangu ilikuja katika ile miaka ambayo biashara ilifunguliwa. Sisi tuliokuwa tumezoea kupanga foleni ya sukari na sabuni, ghafla tukaona maduka yamejaa, mitumba imetandazwa chini, na watu binafsi wanafanya kazi ambazo zamani zilikuwa za ushirika. Mchumba wangu alikuwa mmoja wa hao. Alikuwa ameweka mashine ndogo ya kukamua alizeti Ikungi, kando ya barabara ya Dodoma, na aliifungua na kuifunga mwenyewe kwa spana zake, mikono imejaa mafuta hadi kwenye viwiko. Kwao ni Mtinko. Mimi nilimpenda kwa sababu alikuwa hacheki hovyo, na akicheka anacheka kweli.

Mama hakumtaka. Alikuwa ameniwekea jamaa wa ukoo wa baba mwenye duka la vitambaa, mtu mpole, ana mvi tayari. "Hawa watu wa mashine," alisema mama, "wamekuja na hii ruhusa ya biashara na wataondoka nayo." Tuligombana mwezi mzima. Mimi nimerithi ulimi wake, kwa hiyo hatukubakishiana neno. Siku ya mwisho ya ugomvi alisimama uani na kusema mbele ya watu, "Ndoa hii mimi siitii mkono." Kisha wiki mbili kabla ya siku yenyewe, alinijia chumbani, akaniuliza wageni wa kutoka Mtinko watakuwa wangapi, maana anataka kujua sufuria za kuazima. Nililia kwa furaha. Nilijua amekubali.

Lazima nimtaje mama mdogo. Ni mdogo wake mama, tumbo moja, alifiwa na mume mapema akaja kukaa kwetu, hakuzaa. Alimfuata mama kwenye kila sufuria. Mimi alinilea mgongoni, na yale ambayo msichana hawezi kumwambia mama yake nilimwambia yeye. Kama ungeniuliza siku ile ni nani hawezi kunisaliti duniani, ningemtaja yeye kabla hata ya mchumba wangu.

Siku ya harusi sufuria nne zilikuwa juu ya mafiga nyuma ya nyumba tangu asubuhi. Mimi nilikuwa ndani na hina yangu, na wanawake, na joto. Mwanamke aliyeajiriwa kunipamba alikuwa na mikono mizito, kila anachofunga kinafunguka, na mimi na hasira zangu nikasema hakuna atakayenigusa tena isipokuwa mama mdogo. Nikamtuma mtu. Jibu likarudi: "Anasema anakuja, yuko jikoni." Nikatuma tena. Jibu lile lile. Mara ya tatu nikapiga kelele mwenyewe dirishani, "Mama mdogo! Au na wewe hutaki niolewe?" Watu wakacheka. Akaja anapangusa mikono kwenye kanga, akaanza kunifunga shela, lakini macho yake yakawa yanakwenda dirishani kila wakati.

"Una nini?" nilimwuliza. "Jikoni si mama yupo?"

"Ndiyo," alisema. "Yupo."

Nikamweka hapo saa nzima. Nilitaka nipendeze.

Chakula kilipakuliwa baada ya nikaha. Wanaume walikuwa chini ya turubai, wakanawa, masinia yakashushwa, bismillahi. Nilichokisikia mimi kutoka chumbani ni kimya. Waliokuwa nje walinieleza baadaye: babu mmoja wa Mtinko, mzee wa heshima zake, alitia tonge mdomoni, akaacha kutafuna, akalitoa na kulirudisha kwenye sinia. Sijawahi kusikia mtu mzima anarudisha tonge kwenye sinia la harusi. Kisha zikaanza kelele za "Maji! Leteni maji!" Watoto wakatema hovyo. Mlango wangu ukafunguliwa, akaingia shangazi yake mume wangu na sahani mkononi. Akaniwekea mbele ya uso.

"Onja, bibi harusi."

Nikaonja. Kuna chumvi iliyozidi, kila mpishi huzidisha siku moja. Ile haikuwa hiyo. Ile ilikuwa chungu, ilinifunga koo, na palepale nilijua kwamba mtu hawezi kukosea kiasi kile. Nikasema aitwe mama.

Alikuja na mwiko wake mkononi. Watu wamejaa mlangoni. Shangazi akamnyoshea sahani, mama akachukua tonge, akatafuna taratibu, akameza. "Chumvi iko sawa," alisema. Watu wakamtazama. Akachukua tonge la pili, akala tena mbele yetu wote. "Iko sawa. Mnataka nini zaidi?" Loo! Hakupepesa macho. Nyuma yake mwanamke mmoja alisema kwa sauti ya kutosha, "Si alisema hatii mkono? Leo ameutia." Baadhi wakacheka, na kicheko kile nakisikia hadi leo.

Nilimgeukia mama mdogo. "Umeona? Umeona mama alichonifanyia?" Alikuwa ameziba mdomo kwa kanga. Nikachukua kimya chake kuwa ndiyo.

Mtu alikimbizwa sokoni kununua mikate na soda, wageni wakala mikate kavu, wakaondoka kabla ya alasiri. Hivyo ndivyo nilivyoingia Ikungi.

Wakwe zangu hawakuwa watu wabaya, ila ni watani, na utani wenyewe hauna likizo. Nikipika mboga ikapungua chumvi kidogo, "Mwambieni bibi harusi atuongezee, kwao chumvi haina foleni." Nikienda gulioni, mtu ambaye simjui ananiuliza kama ni kweli. Nilicheka nao, nikirudi ndani nalia kwa hasira. Mume wangu peke yake alisema, "Pengine mama alichoka tu siku ile." Nikamwambia anyamaze, yeye anajua mashine, mambo ya wanawake hayajui.

Kwetu nikawa naenda Idi kwa Idi. Nasimama mlangoni, "Shikamoo mama," "Marahaba mwanangu," na maji ya kunywa sipokei. Mara ya kwanza alinishika mkono akaapa, "Wallahi sikutia mara mbili." Kama angesema nimekosea, nisamehe, ningemkumbatia palepale. Lakini mtu mzima, na dini yake, anaapa kwa Mungu juu ya kitu kilicholiwa na kutemwa na watu zaidi ya mia? Kile kiapo ndicho kilichofunga moyo wangu. Chumvi ningeweza kuisamehe, uongo siwezi.

Nilipojifungua mtoto wa kwanza, mama alikuja kukaa nami arobaini, kama ilivyo desturi. Alishuka kwenye basi na kuku wawili, unga wa uji, na chupa ya asali ya msitu wa Mgori amefunga mdomo kwa mfuko wa nailoni. Sikuweza kumfukuza, watu wangesemaje. Lakini kabla hajakaa vizuri nilimwambia, "Karibu mama. Mtoto huyu hapa, mshike, mwogeshe. Jikoni kwangu usiguse kitu."

Alinitazama. Mwanamke yule ambaye mji mzima ulimngoja yeye ndipo ule. "Sawa, mwanangu," alisema.

Siku ya pili nikanusa uji. Nikainuka kitandani na maumivu yangu ya uzazi, nikamkuta mbele ya jiko, anakoroga, amejifunga kanga kifuani, anaimba kwa sauti ya chini. Nikamnyang'anya mwiko. Nikainua sufuria nikaenda kuumwaga uji ule uani mbele ya macho yake, kuku wakaja kuudonoa. Mama yangu, mwenye ulimi ule, hakugombana nami. Alibaki anautazama mkono wake uliokuwa umeshika mwiko.

Ningekuwa na macho ningeona. Aliniuliza mara tatu kama mtoto ni wa kiume au wa kike, na yeye ndiye aliyemwogesha. Alivaa kanga ndani nje akashinda nayo. Siku ya mnada alikwenda kununua sabuni, akarudishwa na muuza vitunguu, aliyemkuta amesimama barabara ya Dodoma anawauliza wapita njia msikiti wa Singida uko upande gani. Nami nilimwambia nini? Nilimwambia, "Usijifanye mzee, mama. Huruma yangu huipati kwa njia hiyo." Siku ya nne nilimpandisha basi la kurudi. Katika arobaini alikaa nne. Jirani yangu, aliyemsindikiza stendi, alinieleza kwamba mama alimwambia, "Mwanangu amenikasirikia, na mimi sijui nimemfanyia nini."

"Anajua sana," nilimjibu jirani.

Ikapita miaka. Baba alifariki, tukazika, nikarudi Ikungi na kinyongo changu kama nilivyokwenda. Kisha siku moja mume wangu alipita Singida kutafuta mkanda wa mashine, akaingia kumjulia hali mama. Aliporudi hakukaa, alisimama mlangoni.

"Mama anaburuta mguu wa kushoto," alisema. "Na chai alinikaribisha mara tatu, kila mara kama ndiyo kwanza nimeingia."

"Uzee," nilisema.

"Uzee gani? Siku unayosikia mashine inakosa mlio, ujue ilianza kukosa zamani. Tunampeleka hospitali."

Sitajifanya mwema hapa. Sikwenda kwa mapenzi, nilikwenda kwa sababu nilimwonea mume wangu haya. Pale mjini walimpima wakakuta presha iko juu mno, wakashangaa kwamba anatembea. Wakatuandikia barua tukampigishe picha ya kichwa Dar es Salaam. Tukaondoka wanne kwa basi: mama, mama mdogo, mume wangu na mimi. Njia nzima mama alikuwa na furaha, anatuonyesha ng'ombe dirishani.

Daktari alikuwa dada wa makamo, sauti yake ya chini. Mume wangu alikuwa amemtoa mama nje kumnunulia machungwa, tukabaki mimi na mama mdogo. Daktari aliweka ile picha kwenye mwanga, akatuonyesha kwa kalamu. Hapa, na hapa, na hapa. Madoa madogo.

"Haya ni makovu," alisema. "Mama amepata viharusi. Vidogo vidogo, vya kimya."

Nilimwambia mama hajawahi kupata kiharusi. Kiharusi tunakijua, mtu anaanguka, mdomo unapinda, mkono unakufa.

"Hicho ni kile kikubwa. Hivi havimwangushi mtu. Presha inaharibu mishipa midogo ndani ya ubongo, mmoja unaziba, kipande kidogo kinakufa. Pengine hata kichwa hakimuumi. Anaendelea na kazi zake siku hiyo hiyo, na hajui. Ila kidogo kidogo vinajumlika. Anasahau kama jambo amelifanya au bado. Kazi aliyoifanya maisha yote, yenye hatua nyingi, inaanza kumpotea katikati. Hata ladha ya chakula inaweza kumdanganya. Mguu unakuwa mzito. Watu wa nyumbani wanasema ni uzee, au ni ujeuri."

Nilikuwa nimeshika ukingo wa meza yake. Nikauliza kama atapona. Akasema kilichokufa hakirudi, lakini kilichobaki kinaweza kulindwa: dawa ya presha kila siku, hata akijisikia mzima, atembee, azungumzishwe, asikae peke yake, na chumvi ipunguzwe sana. Aliposema chumvi nilicheka. Kicheko kibaya. Alinitazama, akaniacha.

"Mabadiliko mliyaona lini?" aliuliza, kalamu mkononi.

Nikafungua mdomo niseme mwaka huu. Mama mdogo, aliyekuwa amepakata mkoba wa mama, alijibu kabla yangu. Mbele ya daktari hakuthubutu kudanganya, nadhani.

"Mwaka mmoja kabla ya harusi ya huyu," alisema, na akanionyesha kwa kidevu.

Daktari akaandika. Kwake ilikuwa ni taarifa tu.

Nilimpata mama mdogo nje kwenye benchi la ukumbini. Sikujali waliokuwa wamekaa hapo. "Rudia," nilimwambia. "Rudia ulichosema mle ndani."

Akarudia yote, anakunja na kukunjua ncha ya kanga. Ilianzia kwenye hitima ya watu fulani. Mama alitia chumvi, akageuka kusogeza kuni, akarudi akatia tena, kwa utulivu, kama hajatia. Mama mdogo aliona. Akapunguza supu, akaongeza maji na mchele, ikapita. Shughuli iliyofuata ikatokea tena. Basi akabuni njia: mama akishatia konzi zake, yeye anachukua mfuko wa chumvi na kuukalia. Anakaa juu yake mpaka sufuria zifunikwe. Watu wakadhani amechoka miguu. Mwaka mzima aliukalia mfuko ule na hakuna aliyejua.

"Siku ya harusi yako," alisema, "uliniita mara tatu."

Hilo lilinipata. Lakini hasira yangu ilikuwa mbele kuliko aibu yangu. "Na baadaye? Mle chumbani nilikuuliza kwa mdomo wangu! Kwa nini hukusema?"

"Ningesema nini? Kwamba kichwa cha dada yangu kimeharibika? Singida unaijua. Wangesema amerogwa, au yeye ndiye mchawi, dawa imemrudia. Nani angetuita tena kupika? Watu wanakula chakula cha mtu mbaya, mwanangu. Cha mtu mwenye kichwa kibovu hawali."

Sasa nikaelewa, na kuelewa kwenyewe kuliniuma kuliko ile sahani. Baada ya harusi yangu waliendelea kuitwa. Kwa nini wasiitwe? Mji mzima ulijua kwamba mama alimkomoa binti yake aliyemkaidi, na hilo lilikuwa kati yake na binti yake, wengine hawakuwa na la kuogopa. Uovu wake kwangu ndio uliomlinda asijulikane ana ugonjwa. Mimi niliachwa nimchukie mama yangu ili sufuria zisikose moto. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na wangu mimi ndiye aliyenibeba mgongoni.

"Na yeye? Mama alijua?"

Mama mdogo akaanza kulia. "Nilimwambia jioni ile. Nikamwambia, dada, ulitia mara tatu. Akasema, mwache mwanangu anione mbaya, ubaya utamtoka akizaa. Akijua nimeanza kupotea, atanililia ningali hai. Akaniapisha. Halafu akasahau. Nikamwambia tena alipoumia kwamba huji, akaniapisha tena. Nimemwambia mara nne, na mara zote nne alijibu jambo lile lile, kama analisikia leo."

Ndiyo maana aliniapia kwa Mungu na hakuwa mwongo. Ndiyo maana alimwambia jirani hajui amenifanyia nini.

Nilimwambia mama mdogo maneno ambayo sitayaandika yote. Nilimwambia mficha maradhi kifo humuumbua. Nilimwambia miaka yote ile kulikuwa na kidonge cha presha, kidonge tu, na yeye alikalia mfuko. Nilimwambia madoa ya baada ya harusi ni yake. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akapangusa uso.

"Na wewe ulipoletewa mama yako kutoka barabarani, amepotea, ulimpeleka hospitali?"

Swali hilo nalibeba hadi leo. Lakini pia sijamsamehe. Nikikutana naye namwamkia shikamoo, maana shikamoo ya mkubwa hainyimwi, na hapo panaishia.

Mama nilimchukua kutoka hospitali ile hadi Ikungi, hakurudi tena Singida. Dawa nampa kwa mkono wangu. Asubuhi anatembea na wajukuu hadi kwenye mashine ya baba yao na kurudi, anasalimia watu wote, na wengi anawapa majina ya watu wengine. Harusi yangu haikumbuki kabisa. Nimemwomba msamaha si mara moja. Namshika miguu, nasema mama nilikukosea, na yeye ananipapasa kichwa, "Kwani umenifanya nini wewe?" Nilijipa moyo kwamba huo ndio msamaha wenyewe, kwamba ugonjwa ule ule ulioniibia mama umefuta na ubaya wangu. Nikaanza hata kulala vizuri.

Kisha siku moja nilibandika maharage, nikatoka kwenda dukani mara moja, nikashikwa na maneno huko kama kawaida yangu. Niliporudi nilinusa kuungua tangu njiani. Nikakimbia. Moshi umejaa jikoni, maharage yamekauka, yanashika moto chini, na mama yangu amekaa kwenye kigoda hatua moja kutoka kwenye jiko. Alikuwa akiyatazama, machozi ya moshi yanamtiririka, na mikono yote miwili ameificha ndani ya kanga. Aliponiona aliikaza zaidi.

"Sijagusa kitu, mwanangu," aliniambia kabla sijauliza. "Wallahi, sijagusa."